Mume Wangu Amecheka kwa Konsolata

Sehemu ya nne

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, nikukumbushe kwa kifupi. Naitwa Rogathe, mtoto wa Bashay kule Mbulu, nimeolewa Gehandu na Ignasi, Mbarbaig. Mume wangu hajacheka nyumbani tangu tumzike mdogo wake, Bura, aliyeanguka kutoka juu ya mti akipandisha mzinga wa nyuki. Nimempikia, nimemwombea, nimemnyamazia, nimemgombeza. Hakucheka.

Halafu siku ya mnada wa Basotu nikapita nyuma ya banda la video na ndoo yangu ya perege, nikasikia ndani ya mabati mtu anacheka mpaka anakohoa.

Kicheko kile nilikijua. Ndicho kilichonitoa kwetu.

Na mwenye banda ni nani? Konsolata, mjane wa huyohuyo Bura. Hapo ndipo tulipoishia, nimesimama nyuma ya bati, maji ya samaki yananichuruzikia mguuni.

Wengi mmeniuliza kwa nini sikuingia. Niliogopa. Niliogopa kumkuta amekaa karibu naye, na niliogopa zaidi kumkuta amekaa mbali naye na bado anacheka.

Nikaenda nyumbani, nikakaanga perege, nikamsubiri.

"Umetoka wapi, Baba Eva?"

"Mnadani."

"Kulikuwa na nini mnadani?"

"Ng'ombe."

Jibu la namna hiyo utalifanya nini? Nikamwekea ugali. Akala kichwa chini.

"Hukupita popote?"

"Nilipita kwa fundi viatu."

Nikavitazama viatu vyake pale mlangoni. Vilikuwa vimepasuka palepale vilipopasuka siku zote.

Nitasema wazi, maana nimeshaamua kusema: nilishikwa na wivu. Wivu wa kunikosesha usingizi na hamu ya kula. Mwanamke akikushinda kwa sura, unajipamba. Akikushinda kwa mapishi, unajifunza. Akikushinda kwa kumchekesha mumeo, unaanzia wapi?

Nilijaribu. Nilimsimulia habari ya katekista aliyekalia kiti kibovu mbele ya wageni wa parokia, kikamkunja katikati, miguu juu. Nikaigiza mpaka na miguu.

"Eeh," akasema Ignasi. "Aliumia?"

Nikaacha.

Aliyenimaliza kabisa ni Judica. Judica ni wifi yangu, dada yake Ignasi, anauza maziwa Basotu, na maneno kwake hayakai. Alikuja kesho yake, akakaa jikoni, hata chai hajanywa, akaanza.

"Wifi, mimi sitaki kugombanisha watu."

"Sema."

"Anaenda kila mnada. Anakaa kwenye kigoda chake."

"Kigoda chake? Ana kigoda?"

"Mbele kabisa, pembeni ya meza ya Konso. Akichelewa, Konso anaweka kanga juu yake mtu asikae."

"Kanga gani?"

"Sasa wifi, kanga unaulizia ya nini?"

Nilitaka kujua ya rangi gani. Ukiwa na wivu unataka kujua mpaka rangi. Ilikuwa ya njano.

Siku ya mnada uliofuata nilimwachia jirani mafungu yangu ya vitunguu, nikajitanda mtandio mpaka puani, nikaenda bandani. Konsolata mwenyewe alikuwa mlangoni. Alinitambua hata sijafika.

"Shikamoo, Mama Eva."

"Marahaba."

"Leo umetukumbuka."

"Nimekuja kuangalia picha, kama watu wengine."

"Ya leo ni ya kareti. Ya kuchekesha."

"Nimesikia inachekesha sana."

Akaniangalia. Sikuona aibu usoni mwake wala dharau, na hilo likazidi kuniudhi. Akanisogezea benchi la nyuma, karibu na mzee mmoja wa Kibarbaig aliyejifunika blanketi na fimbo yake katikati ya magoti.

Ignasi alikuwa mbele, mgongo umenielekea. Kwenye kigoda.

Nikasema haya, tuione hiyo picha inayoweza kufanya kazi iliyonishinda mimi.

Picha yenyewe ni hivi. Kuna mpishi mmoja mfupi, mwoga, ametumwa kupeleka bakuli la supu kwa mzee mgonjwa. Njiani wanamtokea majambazi. Wanamtakia nini sijui mpaka leo, na sidhani kama aliyeitunga anajua. Wanamkimbiza sokoni. Anapenya katikati ya ngazi, anapigana kwa mwavuli, kwa kigoda, kwa mfuniko wa sufuria, na supu haimwagiki. Mtafsiri, yule DJ anayeweka Kiswahili juu ya Kichina, anamwita huyo mpishi Shemeji.

Shemeji! Konsolata ni shemeji wa nani pale? Nikahisi hata DJ wamempanga.

"Shemeji kaiona ngazi!" DJ anapiga kelele. "Shemeji, ngazi hiyo siyo ya kwenu, iache! Haachi! Oyaa, kamvalisha jambazi kama shati!"

Banda zima likapasuka. Mzee wa blanketi akapiga fimbo chini.

Na mimi nikacheka.

Nisameheni. Nilicheka nimeziba mdomo, nimejificha kwenye mtandio, lakini nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yule mtu mdogo anaogopa kwelikweli, unaona anavyotetemeka, lakini mikono yake inafanya mambo ambayo kichwa hakijapata nafasi ya kuyawaza. Chochote kilichoko jikoni kinamwokoa. Na hakuna ujanja wa kamera pale, ni yeye mwenyewe anapita kwenye tundu la ngazi, ni yeye anaangukia meza na meza inavunjika kweli. Unacheka na huku unasema jamani, mgongo wake.

Halafu nikakumbuka nimekuja na hasira, nikaanza kutafuta kasoro. Sikutafuta sana.

"Mzee, shikamoo. Mbona hawamvamii wote kwa pamoja?" nilimuuliza mwenye blanketi. "Wanakuja mmojammoja kama wamepanga foleni ya kliniki."

"Marahaba. Wakimvamia wote, picha itaisha," akasema.

Hilo ndilo jibu. Hadithi yenyewe ni kamba ya kuanikia ngumi, hata kamba haikukazwa. Mtu anavunjiwa benchi kichwani, hana hata nundu. Steringi, yaani huyo mpishi, hachoki, haumwi, kesho yake haamki anashika kiuno. Aliyetuma supu tumemsahau, mzee mgonjwa sijui kama alipona.

Aliyeniuma zaidi ni mama wa matikiti. Yuko pale sokoni amepanga matikiti yake vizuri, steringi anaruka katikati, jambazi anafuata, matikiti yote chini. Watu wanacheka. Mimi nauza vitunguu, najua kupanga mafungu kuanzia alfajiri kunavyokaza kiuno. Nilimsubiri yule mama mpaka mwisho wa picha nione kama kuna atakayemwambia pole. Hakuonekana tena.

Na mwanamke yupo, mmoja, mzuri. Kazi yake ni kupiga yowe na kufungwa kwenye kiti. Akifunguliwa anamwangukia steringi kifuani. Hakuna aliyemuuliza kama anamtaka.

Nikatulia. Nikasema moyoni, hii siyo kitu cha kuniibia mume. Ni upuuzi unaochekesha, basi. Na tena nilikuwa nimemchunga Ignasi muda wote: wakati wa ngazi hakucheka. Wakati wa matikiti hakucheka. Alikaa tu, kama anavyokaa kwangu.

Nikafurahi. Nikajiambia Judica mwongo, na masikio yangu siku ile yalikuwa na maji ya samaki.

Picha ikaisha. Nikajua watu watainuka, lakini hakuna aliyeinuka. Kumbe mwisho kabisa, maandishi yakiwa yanapita, huwa wanaonyesha walipokosea. Huyu kapigwa kweli puani. Yule kasahau maneno yake. Mwingine mwavuli umemkatalia kufunguka. Watu wanacheka kidogokidogo.

Halafu kuna pale steringi anaruka kutoka ghorofani ashike bomba, analikosa.

Anaanguka. Mshindo wake unausikia hata kwa muziki ule. Wenzake wanakimbia, mmoja anamshika shingo, mwingine anapiga kelele waletewe gari. Hata DJ ananyamaza. Mtu hajitikisi. Kamera inatetemeka, miguu ya watu imejaa mbele. Halafu katikati ya ile miguu unatokea mkono, kidole gumba juu. Wanasogea. Jamaa anacheka na meno yana damu.

Hapo ndipo Ignasi alipocheka.

Alicheka kwa mabega, kwa shingo, akapiga paja lake, akakohoa, akacheka tena. Kile kicheko changu, chote, bila kupungua. Na alipocheka hakutazama televisheni. Aligeuka kumtazama Konsolata.

Konsolata naye alikuwa anamtazama yeye, anacheka, anajifuta macho kwa pindo la ile kanga ya njano.

"Rudisha," akasema Ignasi.

Konsolata akachukua rimoti, akarudisha. Watu wengine walishaanza kutoka, wamezoea. Mtu akaanguka upya. Mkono ukatokea upya. Wakacheka upya, wawili tu.

"Rudisha."

Afadhali wangeshikana mikono. Kushikana mikono ningejua kunaitwaje na ningejua adhabu yake. Kile nilichokiona sikuwa na jina lake, na kwa sababu hakikuwa na jina kiliniunguza zaidi.

Nilimsubiri Konsolata nyuma ya banda, palepale pa perege. Ignasi alishaondoka kwa pikipiki.

"Konsolata, muache mume wangu."

"Sijamshika, Mama Eva."

"Kwa nini unamrudishia ile sehemu?"

"Ananiomba."

"Na akikuomba kingine?"

"Hajaomba kingine."

"Wewe kinachokuchekesha pale ni nini? Mtu kaanguka, damu mdomoni. Hicho ni kichekesho?"

"Hilo muulize yeye," akasema. "Mimi nikikuambia, nitakuwa nimekuchukulia kweli."

Sikumuelewa. Nilisikia neno kukuchukulia, nikalishika hilohilo, nikaenda nalo mpaka nyumbani.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana hili ni langu na hakuna DJ aliyenipanga.

Kwetu Bashay ugomvi wa nyumba unapelekwa kwa wazee, au jumuiya. Jumuiya wangeniambia nisali rozari. Nilishasali. Mimi nilitaka kitu chenye kishindo. Na huku kwa Wabarbaig nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu chenye kishindo: mwanaume akimkosea mwanamke, akina mama wana kikao chao wenyewe. Wanakuja na fimbo zao wanakaa mbele ya boma, wanaimba, na hawaondoki mpaka mwanaume atoe faini, dume jeusi la ng'ombe. Mwanaume hata awe na ng'ombe wa kujaza bonde, akisikia nyimbo zile nje ya zizi lake anakonda.

Nikasema ndiyo dawa ya Ignasi. Wamwimbie mbele ya watu, atoe dume, na Konsolata aone aibu mpaka afunge banda.

Judica alinizuia. Nimpe haki yake.

"Wifi, wewe ni Mmbulu. Wale mama hawaji kwa sababu yako, wanakuja kwa sababu yao."

"Mimi nimeolewa huku. Ni mama wa huku."

"Peleka kwa padri."

"Padri atafanya nini? Ataenda kukaa kwenye kigoda?"

Nikamfungia Mama Hhando kibuyu cha asali, nikaenda. Huyu Mama Hhando ni bibi mwenye sketi ya ngozi mpaka leo, na akina mama wa upande wetu hawakai kikao bila yeye. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Asali ya nini, nani anaoa?"

"Nimekosewa, mama. Na Ignasi."

Akaweka gunzi chini. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekunyima maziwa ya mtoto?"

"Hapana."

"Amechukua kitu chako akauza?"

"Hapana."

"Basi amefanya nini?"

Ukiwa na jambo moyoni linakuwa kubwa kama nyumba. Ukilitoa mdomoni ndipo unaliona lilivyo.

"Amecheka," nikasema.

Alinitazama muda mrefu. Nilitegemea anifukuze.

"Amechekea wapi?"

"Kwa Konsolata. Yule wa Bura. Anamwekea kigoda, anaenda kila mnada, nyumbani hacheki."

Mama Hhando alijipangusa mapaja, akainuka.

"Mke wa Bura," akasema, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu muda mrefu kikamjia mkononi. "Umefanya vizuri kuja. Nitawaita."

Nilirudi nyumbani natembea juu juu. Nilijua nimeshinda. Laiti ningesikiliza alivyolitamka lile jina.

Walikuja asubuhi, jua limepanda kidogo. Nilisikia nyimbo kabla sijawaona. Walitokea upande wa korongo, wazee kwa wadogo, wengine na ngozi zao, wengine na vitenge, wengine nawajua kanisani, na fimbo mikononi. Wanaume waliokuwa wanapeleka ng'ombe majini wakageuza njia. Wakakaa mbele ya lango letu wakajaza kiwanja chote.

Ignasi alitoka nje, akawaona, akaniangalia.

"Mama Eva, ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaenda kusimama pembeni ya zizi, mahali anaposimama mshitakiwa.

Konsolata naye walikuwa wamemleta. Aliketi mwisho wa akina mama, kichwa kimefunikwa ile kanga ya njano. Nikasema leo utaivua.

Mama Hhando akanyoosha fimbo. Maneno yalikuwa ya Kibarbaig, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

"Ignasi. Unakwenda kwa mke wa Bura?"

"Nakwenda."

"Kufanya nini?"

"Kucheka."

Baadhi ya akina mama wadogo wakaangaliana. Nikaona sasa wataanza kumwimbia. Mama Hhando akawanyamazisha.

"Nyumbani hakuna cha kukuchekesha?"

Ignasi alijibu akitazama chini.

"Bura alipoanguka, mimi nilikuwa chini ya mti nimeshika kamba ya mzinga. Konsolata alikuwa ametuletea uji, ndiyo kwanza amefika. Tulimkimbilia wote. Mimi nikamshika shingo. Mnamjua Bura alivyokuwa wa kutania. Nikasema anatutania, sasa hivi atainua mkono. Na huyu naye alidhani hivyo, alikuwa ameanza kucheka. Tulisubiri. Kuna picha pale bandani, mtu anaanguka vilevile. Wanamshika shingo vilevile. Halafu yeye anainua."

Mbuzi mmoja alilia ndani ya zizi.

Mimi kwenye benchi lile la nyuma nilikuwa nimehesabu kasoro za picha: mtu anavunjiwa benchi kichwani na hafi. Kumbe mume wangu alikuwa anaifuata kasoro hiyohiyo kila mnada.

Nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia, machozi yalinitoka. Lakini niwaambie ukweli wote: wivu haukutoka. Ulizidi. Kama ni mapenzi ningeyapigania. Hiki walichokuwa nacho wawili hawa mimi ningekipata wapi? Ningerudi mwaka ule nikasimame chini ya mti?

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikapayuka, bila kuruhusiwa.

"Ningekuambia nini, Mama Eva?" akasema taratibu. "Wewe hukuwepo."

Nikakaa chini.

Nilidhani kikao kimeisha. Jambo limejulikana, mtu ana huzuni yake, wamsamehe, waende. Hata dume nilikuwa nimeshalisamehe. Nikaanza kujifunga kitenge niinuke kuwashukuru akina mama kwa kuja.

"Keti," akasema Mama Hhando. "Hatujaanza."

Akamgeukia Konsolata. "Mke wa Bura, simama. Una mtoto?"

"Sina, mama."

"Bura ameacha nani wa kuitwa kwa jina lake?"

"Hajaacha mtu."

"Tangu azikwe, nani anakutengenezea nyumba? Nani anakulimia?"

"Nalipa vibarua. Kwa banda."

"Ndugu wa mumeo alikuja kukuuliza unaishije?"

Konsolata alisita. "Anakuja bandani."

"Kucheka," akasema Mama Hhando. "Tumesikia. Anakuja kucheka kwako, anakula nyumbani kwake. Akina mama, mwanamke aliyekosewa hapa ni nani?"

Wakajibu kwa sauti moja, na jina walilotaja halikuwa langu.

Wakati ule wa msiba wazee walishagusa habari ya kurithi mjane. Ignasi alisema amefunga ndoa kanisani, ana mke mmoja, na jambo likanyamazishwa. Nilijua limezikwa pamoja na Bura. Kwa padri mume wangu alikuwa na mke mmoja. Kwa hawa akina mama alikuwa na wawili, mmoja ametelekezwa, na walikuwa wanasubiri tu mtu wa kuwafungulia mlango. Mlango nimeufungua mimi, kwa asali yangu.

Judica alikuwa amesimama nje ya uzio na chupa zake za maziwa. Hakuthubutu kuniangalia.

"Dume jeusi litatoka," akasema Mama Hhando, "na siyo kwa ajili ya huyu Mmbulu. Na kabla ya dume, Ignasi, mke wa ndugu yako aingie kwenye boma lako. Nyumba yake ijengwe pale, upande wa jua."

"Mama, mimi ni Mkristo," akasema Ignasi.

"Na mimi nina wajukuu wanaoimba kwaya. Hatujakuuliza unasali wapi."

"Mama Hhando, nakuomba..." Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Nimekosea. Narudisha mashitaka. Sina neno na mume wangu. Acheni acheke!"

"Mtoto, maneno ukiyaleta kwetu si yako tena."

Wakaanza kuimba. Walioimba zaidi ni wale ninaokaa nao jumuiya, hilo sitalisahau.

Ndipo Konsolata alipoinua mkono.

Wimbo ukakatika. Aliishusha ile kanga kichwani, akaisogeza mabegani. Alikuwa amekonda. Sikuwahi kuona amekonda, kwa sababu siku zote nilipomtazama nilikuwa natazama kingine.

"Mama zangu, asanteni," akasema. "Tangu azikwe Bura, hamjawahi kuniuliza. Leo mmeniuliza habari ya nyumba na mtoto, nimejibu. Hamjaniuliza kama nataka."

"Unataka?" akauliza Mama Hhando.

"Sitasema." Akanigeukia mimi, mbele ya wote. "Boma ni la Mama Eva. Mimi niliolewa nikamkuta. Akisema nije, nitakuja, nitakaa upande wa jua, nitamheshimu kama nilivyomheshimu. Akisema nisije, sitamlaumu. Nitauza banda, nitarudi kwetu, na Basotu hamtaniona. Asiniambie hapana halafu nibaki pale, kila mnada nasikia anapita nyuma ya bati. Siwezi tena."

"Hiyo ni haki," akasema Mama Hhando. Akanielekezea fimbo. "Mama Eva. Sema."

Hebu nipimieni ninyi wasomaji. Nikisema hapana, Konsolata anaondoka, na kile kicheko anaondoka nacho, maana hakuna mwingine duniani wa kucheka naye pale mkono unapotokea. Nitabaki na mume wangu peke yangu kama nilivyotaka, mezani, kichwa chini, nikimuuliza ameona nini mnadani. Nikisema ndiyo, kicheko kinakuja nyumbani kwangu. Nitakisikia kila siku, kwa ukuta wa pili.

Akina mama wote walinigeukia.

Nikafungua mdomo. Nikamtafuta Ignasi kwa macho, anionyeshe hata kwa kope niseme lipi, nami ningelisema.

Yeye alikuwa anamtazama Konsolata.